Mume wangu ana Parkinson: je, twende baharini Desemba hii?

Swali: "Mume wangu ana miaka 57. Alikuwa dereva wa malori, na huu ni mwaka wa sita tangu aambiwe ana Parkinson. Zamani kila Desemba shule zikifungwa alikuwa anatupakia kwenye gari tunakwenda Pangani, tunakaa wiki nzima. Sasa ni mwaka wa pili hatujatoka. Watoto wanaulizia bahari, hasa wa mwisho, yuko darasa la sita. Nikimgusia, anajibu, 'Nendeni ninyi, mimi nitabaki na nyumba.' Shemeji zangu wanasema kumsafirisha mgonjwa ni kumtesa, tusubiri apate nafuu. Twende? Na tukienda, nijiandae vipi?" (Mama wa watoto watatu, Majengo, Moshi)

Jibu: Dada yangu, nendeni. Nendeni naye, na iwe Desemba hii. Ila safari isiwe ileile ya zamani, na kabla hujapanga chochote kuna mazungumzo unayopaswa kuwa nayo na mumeo mwenyewe. Nitafika huko.

Naanza na hilo la kusubiri nafuu, maana ndilo linalowafunga. Kwenye Parkinson, zile seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza na kuendesha mwendo, zinakufa taratibu na zinaendelea kufa. Daktari wa Uingereza, James Parkinson, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817. Dawa kubwa tuliyonayo, levodopa, ilianza kutumika miaka ya 1960, na mpaka leo kazi yake ni kujazia kile kilichopungua kwa saa chache, kisha inaisha na mtu anameza tena. Haiuzuii ugonjwa kusonga mbele. Kwa hiyo nafuu wanayoisubiri shemeji zako haiko njiani. Mtu anaweza kuishi na Parkinson miaka mingi sana, tena miaka mizuri, lakini miguu aliyonayo Desemba hii kwa kawaida ina nguvu kuliko ile atakayokuwa nayo Desemba mbili zijazo. Ukisema "mwakani", unaahirisha kwenda kwenye mwaka mgumu zaidi.

Sikuambii hivi ili mfanye safari ya kuagana. Nimeona familia zikifanya hivyo: picha zisizoisha, watu wanalia pembeni, mgonjwa anakaa katikati kama yuko kwenye msiba wake. Msimfanyie hivyo. Anakwenda likizo na watoto wake, basi.

Sasa hiyo "nendeni ninyi". Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimewahudumia watu wenye magonjwa ya neva hapa Moshi kwa muda mrefu, na sentensi hiyo naisikia kutoka kwa akina baba karibu wote. Mara chache inamaanisha kwamba hataki kwenda. Mara nyingi inamaanisha mojawapo kati ya mambo matatu, na ni juu yako kujua ni lipi.

La kwanza ni aibu ya kula mbele za watu. Mkono unatetemeka, kijiko kinafika mdomoni kitupu, mchuzi umebaki kwenye shati, na meza ya jirani wameacha kula wanamtazama. La pili ni kuonekana mlevi. Mwendo wa hatua fupifupi, mwili umeinama mbele, maneno yanatoka chini kwa chini: mtu asiyejua anasema huyu mzee kalewa asubuhi yote hii. Utafiti wa Parkinson uliofanyika wilayani Hai, hapo jirani yetu, na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa na ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Kama wenye ugonjwa wenyewe hawakuujua, mhudumu wa hoteli ataujulia wapi?

La tatu, na kwa mumeo nalihisi sana hili, ni usukani. Huyu ni dereva. Barabara ya Moshi kwenda Tanga ilikuwa ofisi yake, na likizo ya Pangani ilikuwa zawadi aliyowapa ninyi kwa mikono yake mwenyewe. Leo anaambiwa apande nyuma kama mzigo, kijana mwingine aendeshe. Ningekuwa yeye, na mimi ningesema nitabaki na nyumba.

Kwa hiyo usimuulize, "Utaweza kwenda?" Swali hilo linamtaka akupe ripoti ya afya. Muulize, "Ukienda, kitu gani kitakukera?" Halafu nyamaza. Mpe muda, kwa sababu Parkinson inachelewesha hata jibu kutoka mdomoni. Ukimmalizia sentensi zake hutalipata. Muulize saa ambayo dawa imeshika na anaongea vizuri, watoto wakiwa shuleni. Atakachokitaja, hicho ndicho mtakachokipangia kwanza, kabla ya nauli na kabla ya nguo.

Kama ni usukani, basi asiendeshe, hilo halina mjadala, lakini akae kiti cha mbele na aiongoze safari. Yeye ndiye aseme mtoke saa ngapi, msimame wapi, wapi kuna tochi za trafiki, lori lipi lisipitwe kwenye kona. Aliyeshika usukani, awe mdogo wake au kijana mliyemkodi, aambiwe mapema kwamba mkuu wa msafara ni baba. Kama ni chakula, ale dawa ikiwa imeshika, kwenye sahani yenye ukingo, kikombe chenye mkono kijazwe nusu, na akae mgongo ukielekea watu. Au mle chumbani, kuna ubaya gani? Kama ni maneno ya watu, wafundishe watoto sentensi moja fupi ya kusema bila kona: "Baba ana ugonjwa wa neva, anahitaji nafasi kidogo." Mtoto wa darasa la sita anaweza kuisema vizuri kuliko mtu mzima, na mara nyingi huwa anasubiri tu aruhusiwe.

Jambo la pili kubwa ni saa. Safari yenu itaendeshwa na saa za dawa, na ukilikubali hilo moyoni mengi yatanyooka. Tuseme anameza saa 12 asubuhi, saa 5 na saa 10 jioni. Levodopa huchukua kama nusu saa hadi saa moja kushika, kisha inampa saa kadhaa nzuri, halafu inakatika na mwili unakuwa mzito tena. Kaa wiki moja nyumbani ukiandika kwenye daftari: kameza saa ngapi, imeshika saa ngapi, imekatika saa ngapi. Ukimaliza utakuwa na ramani ya siku yake. Kuingia na kutoka kwenye gari, kuoga, kwenda ufukweni, kula hadharani, vyote viwekwe kwenye saa nzuri. Saa mbaya ni za kulala, kusikiliza redio, kutazama watoto wakicheza. Siku yenye jambo moja kubwa inatosha. Mkimpangia mawili, la pili mtalifanya mkiwa mmekasirikiana.

Na hapa kuna kosa ambalo watu wa pwani watakuletea wakiwa na nia njema kabisa: samaki wa mchana. Protini ya samaki, nyama, mayai, maharage na maziwa inagombania mlango mmoja na levodopa kuingia mwilini. Akimeza dawa katikati ya sahani ya samaki, dawa inaweza isishike kabisa, nanyi mkadhani ugonjwa umepanda ghafla. Ameze kwa maji nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kama inamletea kichefuchefu, ndizi mbivu au biskuti kavu inasaidia. Samaki aje baadaye, na ale ashibe.

Kuhusu njia: kama mnao uwezo wa kukodi gari au kuazima, fanyeni hivyo badala ya basi, na pesa ikatwe kwingine. Shida ya basi kwake siyo kiti. Shida ni mlango. Nimemwona mgonjwa wangu akiwa amekanyaga ngazi ya kwanza ya basi, mguu wa pili umegoma chini, konda anapiga bodi na kupayuka "haraka haraka mzee", na kila "haraka" inaugandisha mguu zaidi. Ndivyo ugonjwa ulivyo: ukimharakisha, anaganda. Miguu ikiganda, mlangoni au kwenye kizingiti, usimvute mkono. Simameni. Avute pumzi, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha hesabuni pamoja moja, mbili, tatu, na kwenye tatu apige hatua kubwa kama anavuka mfereji. Wewe unaweza kuweka mguu wako mbele ya wake auruke. Wengine wanaimba mapigo ya gwaride. Fanyeni mazoezi nyumbani, na watoto nao wajue, isije ikawa siri ya mama peke yake.

Kwenye gari, tandika kitambaa cha satini juu ya kiti chake. Anakaa kwanza, kisha anateleza na kuzungusha miguu yote miwili kuingia ndani. Beba kitambaa hichohicho kitandani, kinamsaidia kugeuka usiku.

Mkitoka Moshi saa 1 asubuhi baada ya dawa ya saa 12, dawa ya saa 5 itamkuta maeneo ya Mombo kama hamkukaa sana Same. Simameni kila baada ya saa moja na nusu hivi, ashuke, anyooke, atembee. Usimnyime maji kwa kuogopa kusimama njiani akojoe. Hilo ni kosa la wengi, na madhara yake ni mawili: choo kigumu, ambacho tayari kinawasumbua watu wa Parkinson, na presha kushuka anaposimama. Beba chupa ya mkojo yenye mdomo mpana na khanga ya kumkinga, basi. Na kila anapoinuka kutoka kwenye kiti, akae kwanza ukingoni dakika moja hivi kabla ya kusimama wima, hasa kwenye joto la pwani.

Tarehe pia ina maana. Nendeni mapema, shule zikishafungwa tu, na mrudi kabla ya tarehe 20 Desemba. Baada ya hapo barabara inajaa wanaopanda kuja "kuhesabiwa" Uchagani, yaani kula Krismasi kwao, foleni ndefu, madereva wana haraka, na Januari ni vilevile wanaposhuka.

Pangani au Tanga mjini? Mwaka huu ningekaa Tanga mjini. Mnapunguza kipande cha mwisho cha njia, ambacho ndicho kinachokuta mtu keshachoka, na mnakuwa karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Bahari ni ileile. Pangani inaweza kuwa matembezi ya siku moja kwa watoto na mjomba wao, na mumeo akipenda aende au abaki apumzike. Hiyo si kumtenga, mradi uamuzi uwe wake. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga mjini, yana njia nyembamba na giza. Watoto waingie, yeye asiingie.

Ukipiga simu nyumba ya wageni, usiulize kama "panafaa mgonjwa". Watakwambia ndiyo. Uliza: chumba kiko chini au ghorofani? Kuna ngazi ngapi mlangoni? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kiko ndani ya chumba? Kuna kiti cha plastiki cha kuwekwa bafuni? Vigae vinateleza? Na chandarua ni kidogo cha duara au kikubwa cha mraba? Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini mtu wa Parkinson anayeamka saa 8 usiku kwenda haja, mwili mzito, dawa imekatika tangu jioni, akijinasa kwenye chandarua kilichochomekwa chini ya godoro ataanguka. Chandarua ni lazima, Tanga kuna malaria. Basi alale upande wa nje, upande wake mkunjo uwe rahisi kufunguka, taa ya tochi ibaki inawaka, na chupa iwe mkononi.

Dawa sasa, na hapa naomba usome mara mbili.

Beba za kutosha siku zote za safari, pamoja na za wiki moja zaidi. Zigawe kwenye mikoba miwili, mmoja usiachane nawe. Usiziache ndani ya gari lililofungwa juani. Usitegemee kuzipata njiani, maana duka la dawa muhimu la kawaida halina levodopa. Ikibidi kununua, angalia namba kwenye pakiti: kidonge kilichoandikwa 250/25 kina levodopa mara mbili na nusu ya kile cha 100/25. Na zikiisha au zikipotea, msikae tu mkisubiri kurudi. Levodopa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na hatari ya maisha; nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Pia andika karatasi, iweke kwenye pochi yake na nyingine kwako: ana Parkinson, anatumia dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Chini yake, kwa herufi kubwa: ASIPEWE metoclopramide (Plasil), promethazine (Phenergan), prochlorperazine wala haloperidol. Dawa hizi huzuia dopamini, ileile anayopungukiwa, na Plasil ndiyo sindano ya kwanza utakayokutana nayo kwenye zahanati mtu akitapika. Vidonge vya kuzuia kutapika safarini vyenye cinnarizine (Stugeron) navyo vimo humohumo. Mwulize daktari wake kabla hamjaondoka kuhusu domperidone, ambayo ndiyo hutumika zaidi kwa watu kama yeye.

Na mtu atawaletea upupu. Sisemi ni uongo: mbegu za upupu kweli zina levodopa. Ndiyo maana zisichanganywe na vidonge. Hujui kiasi kilichomo kwenye kijiko cha unga, na kikizidi mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe, kichefuchefu, hata kuona vitu visivyokuwepo.

Akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, ameshindwa kabisa kutembea au amechanganyikiwa, usiseme "ugonjwa umefika hatua nyingine". Parkinson haikimbii hivyo. Tafuta kilichouchokoza: kipimo cha malaria kwanza, mkojo, choo ambacho hakijatoka siku kadhaa, maji kidogo, dozi iliyorukwa. Vyote hivyo vinatibika.

Baharini kwenyewe kuna raha nyingi kwake kuliko mnavyodhani. Nendeni asubuhi kabla ya saa 4 na jioni baada ya saa 10, maana joto la Desemba pale Tanga linamchosha mtu mzima mwenye afya, sembuse yeye. Uliza wenyeji saa za maji kupwa. Maji yakishatoka, mchanga ulioloa unakuwa mgumu na tambarare, na hapo anaweza kutembea vizuri, pengine kuliko kwenye vichochoro vya Majengo. Mchanga mkavu wa juu unameza mguu. Avae viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Kandambili ziachwe nyumbani, zinamwangusha. Kwenye maji aingie mpaka kiunoni tu, mtu mzima akiwa ubavuni, hata kama alikuwa muogeleaji hodari. Mwili wa Parkinson unaweza kuganda majini kama unavyoganda mlangoni, na aliyekuwa anajua kuogelea ndiye anayejiamini kupita kiasi. Kukaa kwenye kiti, maji yanampiga miguuni, huku anawaelekeza watoto namna ya kutupa ndoana, hiyo nayo ni likizo.

Wewe je? Barua yako yote haina neno lolote kukuhusu. Mwende na mtu mzima wa pili, ikiwezekana mwanamume wa upande wake, kwa sababu kuna msaada wa bafuni na usiku ambao mume huona afadhali apewe na mdogo wake. Mgawane usiku. Na kila siku ukae saa mbili ambazo ni zako, umelala au umekwenda kuogelea, bila mtu kukuita. Ukirudi Moshi umechoka kuliko ulivyoondoka, safari ya mwakani haitakuwepo, na haitakuwa kwa sababu ya ugonjwa wake. Kumbuka pia kutomfanyia anachoweza. Vifungo vya shati vikimchukua dakika kumi, anzeni dakika kumi mapema.

Kuhusu shemeji zako, usibishane nao kwa simu. Mchague yule mwenye sauti zaidi, umwambie kwamba mnamhitaji aje kuendesha gari na kulala chumba cha pili. Akikubali, ataona mwenyewe. Akikataa, angalau hatakuwa na la kusema kuhusu mateso.

Kliniki yake inayofuata, kabla ya Desemba, nendeni wote wawili na lile daftari la saa za dawa. Muulizeni daktari mambo manne: kama ratiba ya dozi inahitaji kusogezwa siku ya safari, dawa gani ya kichefuchefu mbebe, vipimo vya presha akiwa amekaa na akiwa amesimama vinasemaje, na kama anameza chakula salama au ameanza kupaliwa. Hilo la kupaliwa likiwepo, niandikie tena. Samaki wa miiba na safari ya siku nzima vitahitaji mpango wake.